Mzigo wa Rubani Asiyefika

Siku hiyo ilianza kama siku nyingine yoyote ya biashara. Thadeo, jirani yetu wa kule Bukoba, aliamka katika hosteli yake nyuma ya barabara ya Guangyuan Magharibi, akasali rozari kimoyomoyo, akanywa chai bila sukari kwa sababu ilikuwa Kwaresima, akateremka sokoni. Ilikuwa mwanzo wa Aprili, mwaka tisini na nane. Guangzhou mwezi huo huwa na unyevu usioelezeka. Kuta zinatoa jasho, sakafu zinateleza, na shati ulilofua Jumapili linavunda kabla halijakauka. Ndege zinazoshuka uwanja wa Baiyun hupita chini kabisa juu ya mapaa ya maduka, hata watu wanaopatana bei hunyamaza wote wawili, wanasubiri zipite, ndipo wanaendelea kubishana.

Alikuwa anabishania suruali za jinzi za watoto. Mwenye duka, mama mmoja mnene ambaye Thadeo na wenzake wote walimwita laoban, yaani bosi, alibonyeza bei kwenye kalkuleta. Thadeo akaifuta, akabonyeza yake. Yule mama akacheka, akasema meiyou, neno lao la kukunyima kitu chochote, liwe bei, chumba au msaada.

Ndipo Kauthar akatokea kati ya marobota, anahema. Kauthar alikuwa Mzanzibari aliyekuja China kusoma, akabaki kuwatafsiria wafanyabiashara. Mdomo wake haukuwa na breki, lakini siku hiyo alisema kwa upole.

"Kaka Thadeo, iache hiyo kalkuleta. Kuna simu yako hosteli. Ya nyumbani."

Aliyepiga alikuwa mdogo wake, Didas, kutoka posta ya Bukoba. Sauti ilikuja na kukatika.

"Kaka, Ma ametutoka."

Thadeo alishika meza ya mapokezi. Ukuta mbele yake ulikuwa unatiririka maji.

"Lini?"

"Jana. Waitu, kaka, sikiliza, hela ya simu inaisha. Tunazika Jumamosi. Wazee wamesema hakuna mkono utakaotupa udongo kabla ya mkono wako. Wewe ndiye kifungua mimba wake. Lakini zaidi ya Jumamosi hatuwezi, mochwari ya misheni umeme wake unaujua mwenyewe."

"Nitafika."

"Jumamosi, kaka."

"Nimesema nitafika, Didas."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kauthar alikimbia na tiketi ya Thadeo ofisi ya ndege, akabembeleza, akagombana, akarudi amefanikiwa: jioni hiyohiyo, kupitia Bangkok na Nairobi. Angefika Mwanza Ijumaa, apande meli, aamkie Bukoba Jumamosi asubuhi. Ilitosha. Thadeo akapanda kwenda chumbani kufunga begi. Lifti ilikuwa mbovu, hivyo alitumia ngazi, na alikuwa analia taratibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumwona.

Kwenye ghorofa ya tatu alimkuta mtu.

Alikuwa kijana wa Kichina, amevaa koti refu la ngozi na buti, na kofia ya ngozi yenye masikio. Amelowa chapachapa. Mikononi amekumbatia fuko la turubai, zito, maana kila akipanda ngazi moja alisimama akavuta pumzi. Alipomwona Thadeo alisimama kabisa. Hakusalimu. Alimtazama tu, kwa macho ya mtu aliyetoka mbali mno na bado hajaambiwa karibu.

Sasa, mtu wa kwetu akimwona msafiri na mzigo wake, hafikirii. Mikono inatangulia. Ma Rozina, mama yake, alimfundisha Thadeo hivyo kwa fimbo tangu yuko mdogo: mgeni hafiki mlangoni na mzigo wake mwenyewe. Na Thadeo siku hiyo alikuwa na mama yake kichwani. Akanyoosha mikono yote miwili, akasema kwa Kiswahili, kwa sababu ulimi nao ulitangulia:

"Pole na safari. Lete nikupokee."

Yule kijana aliiangalia ile mikono kwa muda mrefu. Kisha akaliweka fuko mikononi mwa Thadeo, taratibu, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto aliyelala.

Halikuwa na uzito wowote.

Thadeo akainamisha macho kulitazama. Alipoinua kichwa, yule mtu alikuwa anashuka ngazi. Mwepesi. Alishuka ghorofa zote tatu na buti zake hazikutoa sauti. Kwenye ngazi alizokanyaga hapakuwa na tone la maji.

Thadeo alifungua fuko. Lilikuwa tupu. Harufu tu ilitoka humo, ya petroli na majani yaliyooza. Akadhani ni mwendawazimu, au mpakia mizigo aliyelewa. Akaliweka nyuma ya meza ya mapokezi, akalisahau. Alikuwa na mama wa kuzika.

*

Uwanja wa ndege ulikuwa karibu, walifika mapema. Binti wa kaunta alivaa glavu nyeupe. Alilinyanyua begi la Thadeo kwa mkono mmoja, akaliweka kwenye mzani, akatazama namba. Akalitazama begi. Akatazama tena namba, akamwita mwenzake.

"Wanasema limezidi," Kauthar alitafsiri.

"Limezidi vipi? Si amelinyanyua kwa mkono mmoja, wote tunaona?"

"Ndo nilivyowambia mie. Wanasema mzani haudanganyi."

Thadeo akatoa suruali za jinzi. Akatoa viatu, akatoa vitenge vya Felisia mkewe. Mzani haukushuka. Akatoa hata taulo na kibiblia chake. Begi likabaki ngozi na zipu, na mzani bado ukasoma uzito uleule. Wakalihamishia mzani wa pili. Vilevile. Wakaweka begi la abiria mwingine, likasoma vizuri. Nyuma yake foleni ilianza kunguruma kwa lugha zote, na Mkongo mmoja akauliza kwa sauti kama huyu bwana amebeba injini ya lori.

"Anasemaje?" Thadeo aliuliza, maana binti wa kaunta alikuwa amegeuka mweupe, anaongea kwa kunong'ona.

Kauthar alisita. "Anasema uzito huu si wa begi. Anasema uzito huu ni wa ndege nzima."

"Mwambie basi sitaki begi. Naenda mikono mitupu."

Akamwachia Kauthar vitu vyote vikiwa vimetawanyika sakafuni, akakimbilia geti. Mlango wa geti ulikuwa umefungwa dakika hiyohiyo. Aliwaonyesha wahudumu tiketi. Aliwaonyesha rozari. Alipiga magoti, mtu mzima mwenye watoto, akajaribu kueleza kwa vidole kwamba mama yake amelala kwenye barafu.

"Meiyou," walimwambia.

Usiku ule hakulala. Mungu amsamehe, alitukana maneno ambayo hakuwa ameyatamka tangu alipopata kipaimara.

*

Alhamisi ilikuwa nafasi ya mwisho. Akitoka siku hiyo, kwa gari la kukodi kutoka Mwanza, angefika Jumamosi mchana. Alikwenda bila begi, bila hata koti, na safari hii hakuna aliyemzuia. Alipewa kiti cha dirishani. Ndege ikakimbia, ikanyanyuka. Thadeo akafunga macho akasema, asante Yesu.

Wakaingia kwenye wingu.

Wingu halikuisha. Walikunywa chai ndani yake, wakala ndani yake. Taa zikawa zinafifia na kurudi. Mhudumu aliyekuwa anakusanya vikombe akasimama katikati ya njia akitazama nje, akaacha kukusanya.

Thadeo naye akatazama.

Kulikuwa na ndege nyingine.

Ilikuwa ndogo, ya zamani, ya injini moja, yenye pangaboi puani. Imetoboka ubavuni, na miti imenasa kwenye mbawa zake. Iliruka sambamba nao, karibu, ungeweza kuhesabu ribiti za bati lake. Pangaboi lilikuwa limesimama. Halizunguki. Ndege inakwenda. Mahali pa rubani palikuwa wazi juu, hapana kioo.

Kiti kilikuwa kitupu.

Thadeo alisali Salamu Maria, akakwama katikati, akaanza upya, akakwama palepale. Kisha magurudumu yakagusa ardhi. Abiria wakapiga makofi, wakidhani wamefika Bangkok. Nje ya dirisha kulikuwa na mapaa ya maduka, na maandishi makubwa ya Kichina ya uwanja wa Baiyun.

Rubani hakutoa maelezo ya maana. Alisema dira ilizunguka.

*

Ijumaa asubuhi Kauthar alimkuta amekaa kwenye ngazi za hosteli, macho mekundu.

"Kaka Thadeo, hebu inuka. Umefanya nini katika nyumba hii?"

"Sijafanya kitu. Nimefiwa, basi."

"Mama Liang anauliza. Analia. Kaliona fuko."

Mama Liang ndiye mwenye hosteli, bibi wa miaka sabini na kitu, mfupi, mkali kwa watu wanaoacha maji wazi. Kesho kutwa yake ilikuwa sikukuu yao ya kusafisha makaburi, na alikuwa amezungukwa na vikapu vya machungwa na uvumba. Lile fuko lilikuwa mezani mbele yake. Hakuligusa. Aliongea taratibu sana, na Kauthar, ambaye siku zote hutafsiri kwa mbwembwe, alitafsiri kwa kunong'ona.

"Anauliza, alikupa mwenyewe?"

"Nilimpokea. Nilimwona amechoka."

"Nani alikwambia umpokee?"

"Hakuna. Nimelelewa hivyo."

Mama Liang alifunika uso. Kisha akasimulia, na Kauthar akafuata nyuma yake neno kwa neno. Lile fuko lilikuwa la kaka yake. Wakati wa vita na Wajapani, kaka yake alikuwa rubani, lakini si wa kupigana. Kazi yake ilikuwa kufikisha. Ndege mpya zikishaunganishwa hapa, yeye huzirusha kaskazini, anawakabidhi wapiganaji, anarudi kwa treni. Safari moja aliondoka asubuhi na ukungu. Kule hakufika. Huku hakurudi. Walitafuta milimani, hawakupata hata bawa. Na ofisa mmoja wa kule aliandika kwamba ndege haikupokelewa, ndiyo ikawa habari yote waliyoletewa nyumbani.

"Anasema kila mwaka kuta zikianza kutoa jasho, anakuja na mzigo wake. Anatafuta wa kumpokea. Ndo maana siku hizi Mama Liang humuoni akiweka mpagazi, kila mgeni anapanda na begi lake. Wachina wote wa mtaa huu wanajua. Mtu aliyelowa hapokelewi kitu kwenye ngazi."

"Yeye mwenyewe dada mtu, kwa nini hakumpokea?"

Kauthar akalitafsiri swali lake.

"Anasema aliogopa. Miaka yote anamsikia anahema nje ya mlango wake, anaziba masikio. Anasema anaona haya kukutazama."

"Mwambie sina haja na haya yake. Nataka kwenda kumzika mama yangu. Nifanye nini?"

"Anasema hajui. Anajua kitu kimoja tu. Ndege ile imeshapata mpokeaji. Hukuachwa uondoke kwa sababu mpokeaji hapaswi kuondoka mpaka aliyemletea amalize."

"Amalize nini? Ameenda wapi?"

Mama Liang alitikisa kichwa, akaanza kupanga machungwa upya kwenye kikapu.

Thadeo alichukua fuko, akatoka. Alitembea kwa miguu mpaka kwenye uzio wa uwanja wa ndege, akalitupa juu ya waya. Alisimama pale mvua inamnyeshea, akapiga kelele kwa Kiswahili kwamba yeye hana ndege, hakuagiza ndege, alikuwa na adabu tu. Askari wa uwanja akamfukuza kama mbwa. Njiani alimgombeza Mungu waziwazi. Bwana, nimekukosea nini? Kumpokea mtu mzigo ni dhambi? Akaona aibu kwa kusema hivyo, akaomba msamaha, na kabla hajavuka barabara hasira ikamrudia ileile.

Alipofika hosteli, fuko lilikuwa kitandani kwake.

*

Jumamosi ilipita. Alikuwa amekata tamaa, akaahirisha kwa aibu mpaka usiku ile simu ya kuwaambia wazee wasimngoje tena, wamzike, udongo wa kwanza atupe Didas. Kwa saa za kwetu ilikuwa jioni. Kwenye kibanda cha simu cha mtaani alipiga nyumba ya paroko, jirani na kwao, akaomba aitiwe mdogo wake. Kulikuwa na sauti za watu wengi, vyombo, wanawake wanaimba.

"Didas, ni mimi."

"Kaka." Didas alikuwa amechangamka kidogo, kama mtu aliyetua kazi kubwa. "Unapigia wapi? Umeshafika mjini? Ndiyo kuondoka gani huko, hata kula hukula."

Thadeo aliibana simu sikioni.

"Unasema nini?"

"Watu wanakuulizia. Felisia amekasirika, nakwambia ukweli. Umekuja umelowa vile, umesimama kaburini, umetupa udongo wako, tukageuka, haupo. Hata mkeo humsalimii? Ma alikulea hivyo?"

"Didas. Mimi niko China."

Didas alicheka, cheko fupi. Kisha hakucheka.

"Kaka, acha utani siku kama ya leo."

"Niko Guangzhou. Nilikuwa nimevaaje?"

"Koti la ngozi. Tumeshangaa, na joto hili." Kwaya iliendelea kuimba nyuma yake. "Uso wako ulikuwa wako, kaka. Nilikushika mkono. Ulikuwa baridi, nikasema ni uchovu wa safari."

"Na nilisema nini?"

"Hukusema. Ulitoa udongo mfukoni, hukuchota wetu. Nikadhani ni mambo ya hija." Sauti ya Didas ilishuka, ikawa mnong'ono. "Kama si wewe, ni nani tuliyemwachia Ma wetu?"

Simu ikakatika. Thadeo alibaki ameshika mkono wa simu, na mama mwenye kibanda akaanza kumwonyesha kwa kidole dakika zinazodaiwa.

*

Wiki ya Pasaka aliruka kutoka Baiyun bila shida yoyote. Begi lilipimwa, likapita. Wingu lilikuwa kidogo, likaisha. Fuko halikuonekana tena chumbani wala kwa Mama Liang, ambaye alimshika Thadeo mikono yote miwili mlangoni, akaishika sana.

Nyumbani hakuna aliyemwamini. Alitaka atupe udongo wake, wazee wakamkatalia. Walisema ameshatupa, kijiji kizima kilimwona, na mama hazikwi mara mbili. Padre alimsikiliza kwenye kitubio mpaka mwisho, akampa sala za kusema, akamshauri apumzike. Felisia mpaka leo akimkasirikia humkumbusha siku aliyompita bila salamu. Thadeo alikasirika kwa miezi. Alijua yupo mtu aliyekula nafasi yake ya pekee duniani, na huyo mtu hakuwa mwizi. Alikuwa analipa fadhila.

Kaburi la Ma Rozina lipo kwenye kibanja, katikati ya migomba. Udongo wa kule ni mwekundu. Lakini upande wa kichwani kuna kiganja kimoja cha udongo wa kijivu, na hakuna jani lililowahi kuota hapo.

Mwaka wa kwanza zilitoka chengachenga, zinang'aa, kama za bati jipya. Didas alizifagia. Asubuhi zikawepo tena. Mwaka wa pili zikatoka ribiti. Kisha kipande cha kioo kinene, kisha nyaya, kisha bamba lililopinda la urefu wa mkono wa mtu, limepakwa rangi ya kijani, nalo halikufukuliwa. Lilijitokeza lenyewe, kila siku kidogo, mpaka mtu akajikwaa.

Juzi, Didas alikwenda kupalilia migomba. Alirudi mapema, hana jembe. Alimkuta Thadeo barazani, akakaa karibu naye, akatazama kwanza kama hakuna anayesikia. Alisema kimetoka kiti. Kiti kizima, cha chuma, kimesimama wima kichwani mwa kaburi, na mkanda wake umefungwa na kukazwa, kama kuna mtu amekaa.

Thadeo hakuinuka. Didas akasogea zaidi, akamnong'oneza.

"Kaka, nieleze mimi ndugu yako. Uliagiza kitu gani huko China?"